Changa, Nami Nichange

Kiwandani walimwita Upupu, na mwenyewe alijua. Jina hilo alipewa na wakataji wa vitambaa mwaka ule alioanza kazi, baada ya kumwambia msimamizi mmoja mbele ya watu kwamba choo cha wanawake hakina mlango kwa sababu yeye msimamizi hana haya. Mlango uliwekwa, jina likabaki. Nyumbani mumewe, fundi redio asiyejua kupandisha sauti hata akigongwa nyundo kidoleni, alimwambia kila mara, "Mke wangu, hasira hasara," naye akajibu, "Na upole wako una faida gani? Hebu nionyeshe, uko mfuko gani?"

Lakini hasira zote za nyuma zilikuwa manyunyu tu. Mvua yenyewe ilianza siku mpira wa mvuke ulipopasuka.

Kiwanda kile kilishona mashati na sare za shule. Upupu alishona kola. Wifi yake, dada mdogo wa mumewe, alipiga pasi mwisho wa mstari, kazi aliyoipata kwa sababu Upupu alimwombea. Pasi zenyewe si kama za nyumbani. Kila moja imeungwa kwenye mpira mnene unaovuta mvuke kutoka kwenye boila. Mpira wa wifi ulikuwa umechoka. Ulipoanza kuvuja ukafungwa waya, ulipovuja tena ukaongezwa waya mwingine, na fundi wa boila akasema waziwazi kwamba waya si dawa, unatakiwa mpira mpya. Wakamjibu avumilie hadi oda ya shule itoke. Asubuhi moja mpira ukaachia. Mvuke ulimkamata wifi mkono wa kulia, ukapanda begani, ukamfika shingoni. Upupu alisikia kilio katikati ya ngurumo za cherehani, akajua ni cha nani kabla hajageuza shingo.

Wodi ya walioungua, katika hospitali ya serikali, ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, ukipita stoo na chumba cha mashuka. Mkuu wake alikuwa sista mfupi, mwenye macho ya mtu asiyelala na ulimi usio na muda wa salamu ndefu. Hakuficha kitu. Siku ya kwanza alimwambia Upupu, "Dada, bandeji mtanunua wenyewe. Dawa ya maumivu ipo wiki za mwanzo wa mwezi, mwisho wa mwezi haipo. Bafu la kuoshea vidonda limepasuka, tunatumia beseni. Ukitaka kulia, lilia nje."

Upupu hakulia, ndani wala nje. Alizichukua bandeji zilizotumika, akazichemsha nyumbani kwenye sufuria aliyoitenga kwa kazi hiyo, akazianika, akazirudisha. Na kila alipofika saa ya kuosha vidonda alisimama koridoni, mgongo ukutani, akisikiliza. Anayeoshwa akiwa ni wifi yake alimjua kwa sauti. Akiwa ni mwingine, alisikiliza vilevile. Kulikuwa na mpishi wa mkahawa aliyelipukiwa na gesi, mwanamume mwenye kifua kama pipa, ambaye beseni likiingia tu alianza kumwita mama yake, na mama yake alikwisha kufa zamani.

Kiwandani watu hawakukaa kimya. Washonaji, wakataji, wafungaji, hata vibarua wa kutwa, kila mtu alitia alichokuwa nacho katika kifuko kilichoshonwa chapuchapu kwa mabaki ya shati. Hawakusema ni cha wifi peke yake; wifi mwenyewe aliomba kiwe cha wodi nzima, maana angewezaje kufungwa bandeji mpya huku jirani yake anatazama? Upupu alikipeleka, sista akaandika risiti, zikanunuliwa bandeji na dawa ya kupaka. Zikaisha kabla watu hawajamaliza kupongezana.

Siku ya mshahara Upupu alipofika dirishani, karani wa malipo, msichana wa watu mwenye adabu, akamwambia, "Pole na mgonjwa, mama. Na ile ya kampuni mmeshaipata?"

"Ipi?"

"Si mlichangia hospitali? Kampuni inaongeza kiasi kilekile. Mkitoa, na wao wanatoa. Mimi nilipochangia kituo cha watoto wasioona cha mtaani kwetu, waliongeza. Ulikuwa hujui?"

Upupu alishika ukingo wa dirisha.

"Imeanza lini hiyo?"

"Mimi nimeikuta, mama. Miaka."

Miaka! Upupu alitoka pale bila kuhesabu mshahara wake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kichwani yalikuwa yanampitia yote waliyochangia humo chini: shule iliyoezuliwa paa na upepo, kituo cha wazee kilichofurika maji, kliniki ya kifua kikuu iliyoomba hadubini ikapata nusu ya hadubini, kama kuna kitu kinachoitwa nusu ya hadubini. Kila mchango ule ulikuwa na pacha wake, na pacha amezikwa huko juu ofisini bila matanga. Wao huku wakijipigapiga mifuko, wakiambiana haba na haba, na juu ya dari yao kuna watu wanajua na wamefunga mdomo.

Alipanda ngazi akiwa bado na uzi begani.

Afisa utumishi, kijana ambaye huku chini walimwita Meno kwa sababu alitabasamu hata akitangaza watu kupunguzwa, alisimama kumpokea.

"Karibu, mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa anaoshwa vidonda kwenye beseni. Kwa nini hamkutuambia kwamba kampuni inaongeza?"

"Aa, mpango wa michango! Tulitangaza, mama. Tunatangaza kila mara kwa barua pepe."

"Barua pepe," alisema Upupu. "Cherehani yangu ina barua pepe? Au nilitakiwa kuisoma kwenye kola?"

Meno akacheka.

"Usicheke. Nimekuuliza swali."

"Na kwenye ubao wa matangazo, mama. Upo hapo nje."

Ubao ulikuwepo kweli. Ulikuwa nje ya mlango wake, ghorofani, mahali ambapo mtu wa chini hafiki ila ameitwa kufukuzwa. Palibandikwa karatasi kubwa ya rangi, mikono miwili inashikana, misafi kama ya mtu asiyewahi kushika kazi, na juu yake imeandikwa: CHANGA, NAMI NICHANGE. Chini, kwa herufi ndogo: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Upupu aliisoma yote. Kisha akaing'oa, pini zikaruka, akashuka nayo. Meno alimfuata hadi katikati ya ngazi akiita, "Mama, hiyo ni mali ya ofisi!" Upupu akaibandika juu ya bomba la maji ya kunywa, ambako kila mwenye koo hupita.

Tangu hapo mchango ulianza upya, na ulikuwa mchango wa aina nyingine. Si kwamba watu walikuwa wameokota fedha njiani. Ni kwamba kila mmoja alijua sasa kwamba chake hakiendi peke yake. Aliyekuwa atoe kidogo alijikuna kichwa akatoa zaidi, kwa sababu kidogo chake kingevuta kidogo cha wakubwa. Hata mtunza stoo, mwanamume mwenye mkono wa birika kwelikweli, ambaye watu waliapa kwamba hajawahi kumnunulia mtu hata maji, alimjia Upupu akanong'ona:

"Mama, yaani nikitoa moja, na wao moja?"

"Ndiyo."

"Na nisipotoa, hiyo yao inabaki kwao?"

"Inabaki."

Birika alifikiri. Uso ulimkunjamana kama mtu anayeng'olewa jino. "Hapana," alisema, akifungua pochi. "Siwezi kuwaachia."

Vibarua waliambiwa kwamba wao hawamo. Mpango ni wa wenye ajira ya kudumu. Jasho la kibarua halina pacha. Walitoa hivyohivyo, na mmoja wao, mama anayefagia nyuzi, alimwambia Upupu, "Mimi sikuwa natoa kwa ajili ya hao wa juu." Hasira ya Upupu ikapata kuni nyingine.

Walipofikisha walichofikisha, mchango ukaandikwa kwa jina la wafanyakazi wote, ukapelekwa juu. Sista wa wodi alikuwa ameshasema atafanya nini: bafu jipya la chuma kisichoshika kutu, lenye maji ya kuchanganyika moto na baridi, na dawa ya maumivu ya miezi mingi. Bila nyongeza ya kampuni, bafu halipatikani.

Siku chache baadaye meneja mkuu akamwita Upupu.

Alimkalisha kwenye kiti laini, akamfungulia chupa ya maji kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mtulivu, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Meno alikaa pembeni na kompyuta.

"Mama, umefanya kazi nzuri sana," meneja alianza. "Nataka ujue kwamba nyongeza ipo. Na tunataka tuitoe kwa heshima. Tutafanya hafla pale hospitali, waandishi watakuja. Na tunapenda wifi yako azungumze. Maneno mawili matatu tu, asijisumbue, tumemwandalia."

Akasukuma karatasi juu ya meza. Upupu akasoma. Wifi alikuwa aseme kwamba yaliyomfika ni bahati mbaya isiyo na mwenyewe, kwamba alipewa mafunzo na vifaa vyote, na kwamba tangu siku ile kampuni haijamwacha mkono.

Upupu alisoma mara ya pili, polepole. Wifi alikuwa ameshapeleka malalamiko yake ofisi ya kazi kuhusu mpira ule uliofungwa waya. Asome maneno haya mbele ya waandishi, kisha akalalamike nini tena?

"Na asiposema?"

"Kwa nini asiseme? Ni shukrani."

"Nimeuliza, asiposema?"

Meneja alipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi. "Mama, mchango wa kikundi unapita mezani kwangu. Sina haraka. Kuna mambo mengi ya kuangalia. Fedha za kampuni huamuliwa na kampuni."

Hapo Upupu akasimama. Aliyoyasema hayakuwa mengi lakini yalisikika hadi kwa walinzi wa getini. Alisema kwamba wamemchoma mtoto wa watu na sasa wanataka ngozi yake waitumie kama bango. Alisema kwamba mkono ule uliomfungulia yeye maji ndio uliokataa kununua mpira, na mpira hauzidi bei ya kiti hiki alichokalia. Alisema wifi yake hatasoma hata nukta. "Bakini na fedha zenu! Mzikwe nazo!" Akatoka, mlango ukagonga ukuta.

Chini walimpokea kama shujaa. Mtu mmoja alimpigia hata vigelegele. Na yeye, tusimfichie, alijisikia vizuri. Jioni ile alikwenda hospitali anatembea kifua mbele, akampata sista koridoni anasukuma mkokoteni wa dawa, akamsimulia yote, neno kwa neno.

Sista alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka breki kwenye mkokoteni.

"Umekataa kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba ya... ya wifi yangu. Ya haki."

"Njoo."

Alimvuta kwa mkono hadi mlangoni mwa chumba cha kuoshea. Yule mpishi alikuwa amekalishwa kwenye kiti, beseni chini yake, wauguzi wawili wanamwagia maji kwa jagi. Alikuwa ameuma taulo. Macho yake yalikutana na ya Upupu na hayakuomba chochote. Yalikuwa yamekwisha kupita mahali pa kuomba.

"Huyu umemuuliza?" sista alisema kwa sauti ya chini, na ukali wake ulizidi kelele. "Leo tarehe za mwisho wa mwezi. Dawa sina. Wewe umekwenda kule, umekasirika vizuri, umepigiwa makofi. Mimi hasira yako nitamwogesha nayo nani? Mimi nikiletewa fedha na shetani nitampa risiti na kumwambia ahsante!"

"Sasa ulitaka akasome uongo?"

"Nilitaka mje mniulize. Mimi nawe tuna hasira sawasawa, dada. Tofauti ni kwamba yangu lazima iamke asubuhi ikafunge vidonda."

Upupu alikwenda kwa wifi yake. Wifi alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa umeegemezwa kwenye mto. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa mdogo wake wa mwisho, uso mwembamba, na tangu aungue alikuwa amejifunza kugeuka mwili mzima badala ya shingo. Aligeuka hivyo sasa.

"Nimesikia, wifi. Korido hii haina siri."

"Wifi yangu, nisingekubali wakufanye..."

"Nimesikia. Ulinikatalia. Ulikasirika kwa ajili yangu. Kaka yangu hunisemea. Daktari hunisemea. Bosi ameniandikia kabisa cha kusema. Na wewe nawe, wifi? Mkono umeungua, ulimi haujaungua! Ni nani aliyekuja hapa akaniuliza, wewe unataka nini?"

Upupu alifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ndoa, na huenda hata kabla, hakikutoka kitu. Akakaa pembeni ya kitanda, kwenye chuma, kwa sababu godoro lilikuwa limejaa.

"Wewe unataka nini?" aliuliza hatimaye.

"Nataka bafu," wifi alisema. "Na malalamiko yangu siyaondoi. Na maneno yao sisomi. Vyote vitatu. Sasa tumia huo upupu wako kufikiri, badala ya kuwasha watu tu."

Walifikiri, na aliyewafungulia njia ni yule karani wa malipo, aliyekuja Jumapili kumjulia hali mgonjwa. Aliposimuliwa maneno ya meneja alitikisa kichwa.

"Mchango wa kikundi ndio unapita kwake," alisema. "Wa mtu mmojammoja haupiti kwake. Unaingizwa kwenye kompyuta na risiti yake, unakwenda moja kwa moja makao makuu. Mimi wangu hakuna bosi aliyeuona. Wao kule wanaangalia vitu viwili tu: kama uko kwenye ajira, na kama hospitali inatambulika."

Upupu na wifi walitazamana.

"Sista atakubali kuandika risiti ya kila mtu?" wifi aliuliza.

Sista, aliyekuwa anafunga bandeji kitanda cha jirani na wala hakugeuka, alisema, "Leteni wino tu."

Basi mchango ukaondolewa mezani kwa meneja, ukarudishiwa wenyewe, na kila mwenye ajira akautoa upya kwa jina lake. Saa ya chakula watu waliacha kula wakapanga foleni ghorofani, kwenye kompyuta ya karani. Kwa wengi ilikuwa mara ya kwanza kupanda ngazi zile bila kuitwa. Meno alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni, na tabasamu lake lilikuwa limepungua upande mmoja.

"Jamani, huu si utaratibu tuliouzoea."

"Lakini ni utaratibu?" aliuliza Birika, risiti yake ameibana kifuani kama hati ya shamba.

Meno alikawia. Angeweza kusema hapana. Watu wote walimtazama, na Upupu alijua kwamba akisema hapana, nusu yao watarudi chini, kwa sababu mwenye nguvu mpishe, ndivyo walivyolelewa.

"Ni utaratibu," Meno alisema, akaondoka.

Si wote waliobaki. Kuna waliokuwa wanangoja mikataba yao itiwe saini, na wasimamizi walikuwa wamepita wakiwanong'oneza kwamba majina yanaonekana. Baadhi wakajitoa kwenye foleni bila kuaga. Upupu alimwona mmoja, mshonaji wa kando yake, mwanamke waliyegawana chakula miaka na miaka, akishuka ngazi ameinamisha kichwa, akataka kumfuata amwambie maneno ambayo yangemkaa. Akamkumbuka mpishi aliyeuma taulo. Akamwacha ashuke. Na nafasi za walioshuka zilijazwa na watu asiowatarajia: mhasibu, mpokea wageni, na dereva wa meneja mwenyewe, aliyesema, "Mimi namwendesha mwili tu, si roho."

Makao makuu wakalipa, na kulipa kwenyewe kulikuwa bila mbwembwe. Kisha wakamwandikia meneja kumpongeza: kiwanda chake kimeongoza kwa idadi ya wafanyakazi waliochangia, na huo ni uongozi wa mfano.

Basi meneja akafanya hafla. Angefanyaje? Alisimama katika uwanja wa hospitali, chini ya turubai, na hundi ya kadibodi ndefu kuliko yeye. Alizungumza juu ya kampuni inayojali. Alisema wazo hili lilikuwa moyoni mwake siku nyingi. Upupu, safu ya tatu, alikuwa ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono yote miwili, na aliyekalia kiti hicho alikuwa anatikisika naye.

"Wifi," alinong'ona, "huyu nikimwacha..."

"Tulia. Si zamu yako."

Mganga mkuu wa hospitali, mzee mwenye heshima asiyejua yaliyopita, aliuliza kama kuna mgonjwa angependa kusalimia. Meneja alikohoa. Meno alitazama viatu vyake. Wifi akainuka.

Hakuwa amejifunika. Alivaa blauzi isiyo na mikono, na ngozi mpya, nyekundu, yenye mikunjo kama kitambaa kilichoungua na pasi, ilionekana kuanzia sikioni hadi vidoleni. Alishika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto.

"Mimi ndiye niliyeungua," alisema. "Niliungua kazini, kwa mpira uliofungwa waya. Hilo nitalisema ofisi ya kazi, hapa si mahali pake." Aligeuka mwili mzima kuwaelekea watu. "Nashukuru makao makuu kwa kuongeza. Lakini nataka kuwashukuru zaidi wale waliotoa kabla hawajajua kwamba kitaongezwa. Na vibarua, ambao chao hakikuongezwa. Hao... mimi hao..."

Hakuweza kuendelea. Alirudisha kipaza sauti, akakaa, akauficha uso kwenye bega la Upupu. Makofi yalianzia nyuma, walikosimama vibarua. Meneja naye alipiga makofi. Alikuwa na la kufanya? Upupu alikuwa na hotuba nzima kifuani, ameitunga tangu alfajiri, yenye matusi matatu ya hali ya juu. Aliimeza, na haikuwa tamu.

Shauri la ofisi ya kazi lilichukua muda. Mkaguzi alipokwenda kiwandani, mipira yote ilikuwa imebadilishwa wiki ileile, inang'aa kama nyoka waliojivua gamba, na meneja akasema imekuwa hivyo siku zote. Lakini fundi wa boila alikuwa amehifadhi kipande cha ule wa zamani pamoja na waya wake, akakiweka mezani. Wifi alilipwa. Hakulipwa kinachostahili mkono, maana hakuna, lakini alilipwa, akarudi kazini upande wa kukata. Yule mshonaji aliyeshuka ngazi alimletea Upupu chakula siku moja, wakala bila kusemezana, na siku ya pili wakasemezana. Meneja alipandishwa cheo, akahamishiwa kiwanda kikubwa zaidi. Habari hiyo ilimfanya Upupu ashone kola kumi na moja kinyumenyume.

Lakini kabla shauri halijaisha bafu lilifika, sista akawaita waje kuliona. Lilikuwa zuri, pana, maji yake yanatoka vuguvugu. Mpishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingizwa, na walipokuwa koridoni walisikia sauti yake. Aliguna, akalaani kidogo, akanyamaza. Hakumwita mama yake.

Alipotolewa waliingia kulitazama kwa karibu. Ubavuni mwa bafu kulikuwa na kibandiko kikubwa cha rangi, mikono miwili safi inashikana, jina la kampuni kwa herufi nene, na maneno: Zawadi yetu kwenu.

"Zawadi ya nani?" alisema Upupu. "Ya nani? Hebu nisomee wifi, pengine mimi macho yameharibika!"

"Wifi, tafadhali."

Upupu alikwishapiga magoti, kucha ziko kwenye pembe ya kibandiko. Kilikuwa kimegandishwa kikagandishika. Kucha moja ikavunjika, akaendelea na nyingine. Wifi akacheka, kisha akaacha kucheka, akachuchumaa kando yake, akaanza upande wa pili kwa mkono wake mzima.

Sista alisimama mlangoni akiwatazama. Wakadhani atawafukuza. Alikwenda stoo, akarudi na kisu butu cha kukwangulia plasta, akampa Upupu.

"Na gundi uiondoe yote," alisema. "Gundi inashika uchafu."